Katuni za likizo na wanasesere wa mkoma: Hazina ya utoto ambayo Turkana haijaiwekea daftari

KALEMNG'OROK ni kituo kidogo cha biashara katika eneo la Turkana Kusini, kando ya barabara kuu itokayo Kitale kuelekea Lodwar, kati ya Kainuk na Lokichar. Kwa miongo mingi, karibu kila kilichochapishwa Nairobi kwa ajili ya wasomaji wa Lodwar na Kakuma kilipita hapa: magazeti, vitabu vya shule, majarida ya hadithi na kurasa za katuni zilizochakaa kwa kupokezanwa mikono.

Kutoka upande wa pili, yaani kutoka manyatta za wafugaji kuelekea barabarani, kulikuwa na msafara mwingine usiotajwa sana. Wanasesere waliochongwa na mama na nyanya zao kwa ajili ya mabinti walinunuliwa na wageni na wakusanyaji wa sanaa, wakasafiri kusini hadi Nairobi, na wengine wakavuka bahari.

Mambo hayo mawili, katuni iliyoingia na mwanasesere aliyetoka, ndiyo kiini cha kumbukumbu za utoto kwa watu wazima wengi wa kaskazini mwa Kenya. Kiswahili kina neno moja linalotosha kueleza hamu hiyo ya enzi zilizopita: zilipendwa. Neno hilo hutumiwa zaidi kwa muziki, lakini linafaa vilevile kwa ukurasa wa katuni uliosubiriwa likizo nzima, na kwa kichezeo kilicholala ubavuni mwa mtoto usiku.

Chimbuko la katuni za likizo

Katika nchi za Magharibi, katuni za likizo ni aina maalumu ya uchapishaji. Wachapishaji waligundua mapema kwamba mtoto hupata fedha na nafasi ya kusoma shule zinapofungwa, hasa wakati wa Krismasi, na hivyo wakatoa matoleo manene kuliko ya kawaida.

Uingereza ilikuwa na majarida ya Dandy, lililoanza Desemba 1937, na Beano, lililofuata mwaka 1938. Kila mwisho wa mwaka, majarida hayo yalitoa vitabu vyenye jalada gumu ambavyo wazazi waliwanunulia watoto kama zawadi. Dandy lilikoma kuchapishwa Desemba 2012, baada ya miaka 75.

Nchini Marekani, kampuni ya Dell ilianza kutoa matoleo manene ya Krismasi yenye wahusika wa Walt Disney mwaka 1949. Miaka miwili kabla yake, Desemba 1947, mchoraji Carl Barks alikuwa amemtambulisha kwa mara ya kwanza bata tajiri na bahili, Scrooge McDuck, katika hadithi ya Krismasi. Mhusika huyo aliyebuniwa kwa ajili ya msimu mmoja angali anafahamika duniani kote.

Wanasesere wa wahusika wa katuni wana historia ndefu zaidi. Mnamo Novemba 16, 1902, gazeti la Washington Post lilichapisha mchoro wa Clifford Berryman uliomwonyesha Rais Theodore Roosevelt akikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kamba. Mfanyabiashara mmoja wa New York, Morris Michtom, aliuona mchoro huo, naye pamoja na mkewe wakashona dubu wa kitambaa na kumweka dirishani mwa duka lao. Hivyo ndivyo Marekani ilivyopata dubu anayeitwa Teddy, jina la utani la rais huyo. Mickey Mouse, aliyeonekana katika filamu mwaka 1928, alianza kushonwa kama mwanasesere mwaka 1930.

Afrika Mashariki yapata katuni zake

Afrika Mashariki haikungoja wahusika hao wa kigeni ili ianze kucheka. Katika miaka ya 1950, mchoraji Edward Gitau alimbuni Juha Kalulu, mhusika aliyetokea katika magazeti ya Kiswahili na hatimaye kupata makao katika Taifa Leo. Juha alidumu kwa zaidi ya nusu karne, na ni miongoni mwa wahusika wa katuni walioishi muda mrefu zaidi barani Afrika. Kuna familia ambamo babu, mwana na mjukuu walijifunza kusoma Kiswahili kwa kufuata vituko vyake.

Nchini Tanzania, Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Jarida la Sani lilivuma katika miaka ya 1980 kwa wahusika kama Madenge, Lodi Lofa, Kipepe na Ndumilakuwili, ambao majina yao yaliingia katika mazungumzo ya mitaani.

Kulikuwa pia na hadithi za picha zilizotumia wapiga picha badala ya wachoraji. Shirika la uchapishaji la Drum, lenye chimbuko lake Afrika Kusini, lilitoa jarida la African Film lenye visa vya mpelelezi Lance Spearman. Vijana wa Kenya walimwita Spear, wakaiga kofia yake na mwendo wake. Nchini Tanzania, mwandishi Faraji Katalambula, aliyekuwa amejipatia sifa kwa riwaya ya Simu ya Kifo mwaka 1965, alianzisha jarida la aina hiyo kwa Kiswahili, Film Tanzania.

Mwaka 1973, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jijini Nairobi jarida la ucheshi liitwalo Joe, ambalo lilidumu hadi mwaka 1979. Katika miaka ya 1980, Hirst alichora mfululizo wa Pichadithi, uliogeuza ngano na visakale vya Kiafrika kuwa vitabu vya katuni. Lwanda Magere wa Waluo na Abunuwasi wa pwani walipata sura na mavazi, na watoto wa makabila mengine wakawafahamu.

Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi Nairobi, aliwapa wasomaji Akokhan, kisa kilichojaa uganga na mapambano ya ukoo. Odoi alifariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu. Mwaka 1996, shirika la Sasa Sema lilitoa kitabu cha Abunuwasi kwa Kiswahili, kilichochorwa na Godfrey Mwampembwa, yule Gado wa katuni za kisiasa.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, nalo lilitumia njia hiyo. Katika miaka ya 1990, ofisi yake ya Nairobi ilisimamia hadithi za Sara, msichana mwerevu aliyeandamana na tumbili wake Zingo. Sara alipigania haki ya kuendelea na masomo, akawakinga wenzake dhidi ya ukeketaji na unyanyasaji. Vitabu vyake vilitolewa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo, na kusambazwa katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika.

Mwaka 2010 lilizaliwa jarida la Shujaaz, lenye mhusika DJ Boyie na lugha ya Sheng. Lilitolewa bila malipo ndani ya gazeti na kupitia vibanda vya M-Pesa, na likatuzwa Tuzo ya Kimataifa ya Emmy mwaka 2012.

Safari ndefu ya kaskazini

Si rahisi kueleza kwa nini kumbukumbu za katuni ni nzito kwa mtu aliyekulia Turkana bila kukumbuka jinsi eneo hilo lilivyotengwa. Serikali ya kikoloni iliifanya Turkana kuwa wilaya iliyofungwa, ambamo mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Mzee Jomo Kenyatta mwenyewe alizuiliwa Lokitaung na baadaye Lodwar, kwa sababu palionekana kuwa mbali na kila kitu.

Wamishonari wa Kikatoliki wa Shirika la Mtakatifu Patrick waliruhusiwa kuingia mwaka 1961, wakati wa njaa kali. Misheni, shule na sikukuu ya Krismasi vilienea pamoja. Kwa hiyo, ile likizo ya Desemba ambayo wachapishaji wa London na New York waliitegemea kwa biashara ilikuwa jambo geni Turkana hata baada ya Kenya kupata uhuru.

Hapakuwa na duka la vitabu katika vituo vingi vya barabarani. Gazeti lilipofika, lilikuwa limekwisha kupitwa na siku yake. Lakini katuni haichachi kama habari. Kichekesho cha Jumatatu humchekesha msomaji wa Ijumaa, na karatasi iliyofungia sukari ilisomwa kwa bidii ileile kabla ya kuwashia moto.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyoipa katuni uzito wa pekee. Mtoto wa Kalemng'orok huanza maisha akizungumza Kiturkana. Kiswahili hukutana nacho sokoni, barabarani na darasani, na Kiingereza hufuata. Kwa mtoto kama huyo, picha ndiyo mkalimani. Anaona uso wa mhusika ukikunjamana, anaona mkono ulioinuliwa, kisha anabahatisha maana ya neno lililoandikwa juu yake. Anapolikuta neno hilo tena, linakuwa lake.

Walimu wengi wa zamani walizikataza katuni darasani kwa dai kwamba zinapoteza muda. Katika maeneo ambako vitabu vya ziada havikuwapo, katazo hilo lilimnyima mwanafunzi kitabu pekee alichokitamani mwenyewe bila kushurutishwa.

Serikali ilijaribu kuziba pengo la vitabu katika maeneo kame. Oktoba 1996, Shirika la Maktaba za Kitaifa lilianzisha maktaba ya ngamia mjini Garissa, kaskazini mashariki mwa nchi. Wanyama hao walibeba masanduku ya vitabu hadi kwa wafugaji wasiofikiwa na magari. Mpango huo ulithibitisha kwamba mtoto wa mfugaji husoma anapopelekewa cha kusoma.

Wanasesere na fahali wa udongo

Kabla ya katuni kufika, na hata baada ya kufika, watoto wa Turkana walikuwa na vichezeo vyao. Mwanasesere anayejulikana zaidi huundwa kwa mti, au kwa kokwa la mkoma, mti ambao Waturkana huuita eengol na ambao huota kando ya mito Turkwel na Kerio.

Mkoma ni mti wa matumizi mengi. Majani yake husukwa vikapu na mikeka, mbao zake hujengea, na matunda yake huliwa, hasa wakati wa njaa. Nyama ya tunda ikiisha hubaki kokwa gumu, na hilo ndilo linaloweza kuwa kichwa cha mwanasesere. Kisha huvishwa ngozi na shanga kwa mtindo uleule wa mavazi ya wasichana na wanawake wa jamii hiyo.

Mwanasesere huyo alikuwa kichezeo na pia somo. Msichana alijifunza kubeba, kuvisha na kutunza. Katika jamii hiyo, wanasesere wa aina hii huhusishwa pia na matumaini ya uzazi, na kwa hiyo hawakuishia kwa watoto wadogo pekee.

Wavulana walikuwa na mifugo yao. Walifinyanga fahali kwa udongo wa mtoni, wenye nundu na pembe zilizopinda, au waliokota vijiwe na kuvigawa: hivi mbuzi, hivi ngamia, hivi punda. Walizungusha vijiti na kupata boma dogo. Mchezo huo ulikuwa na uzito wake, kwa kuwa katika desturi ya Waturkana mwanamume huweza kuitwa kwa jina la fahali wake ampendaye. Mtoto aliyechagua rangi na umbo la pembe za fahali wa udongo alikuwa akijaribu jina lake la baadaye.

Ulinganisho na wahusika wa katuni si wa kulazimisha. Mtoto wa London aliyekumbatia dubu wa kitambaa alikuwa ameshika mhusika wa gazetini. Mtoto wa Turkana aliyeshika fahali wa udongo alikuwa ameshika mhusika wa nyimbo na masimulizi aliyoyasikia jioni nyumbani kwao.

Hata hivyo, kumbukumbu hizi zisigeuzwe kuwa sukari tupu. Ukame wa kati ya mwaka 1979 na 1981 Waturkana waliupa jina la Lopiar, yaani ule uliofagia kila kitu. Maelfu ya familia zilipoteza mifugo na kuhamia kambi za chakula cha msaada. Mashambulizi ya wezi wa mifugo kwenye mpaka wa kusini, karibu na Kainuk, yameendelea kuvuruga maisha na masomo kwa miaka mingi. Kuna mtoto aliyechunga mbuzi wa mawe kwa sababu mbuzi halisi walikuwa wamekwisha.

Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992 kuwapokea wakimbizi kutoka Sudan, wengi wao wakiwa wavulana waliotengana na wazazi wao, iliongeza sura nyingine. Baadaye walifika Wasomali, Waethiopia, Wakongomani na wengineo. Kwa mtoto aliyekimbia usiku bila kubeba kitu, gari la waya na mpira wa matambara ni mali ya kwanza anayoipata katika nchi ya ugenini.

Thamani iliyotambuliwa kwingine

Ulimwengu wa nje umejua kwa muda mrefu kwamba vitu vya utotoni vina thamani. Mwaka 2014, nakala ya toleo la kwanza la Action Comics la mwaka 1938, lililomtambulisha Superman, iliuzwa kwa dola milioni 3.2. Mwaka 2024, nakala nyingine ya toleo hilohilo iliuzwa kwa dola milioni 6. Bei yake ya awali ilikuwa senti 10. Thamani hiyo imetokana na uhaba, kwani nakala nyingi zilitupwa na wazazi waliodhani ni takataka.

Wanasesere wa Turkana nao wana soko. Mmarekani Alan Donovan alifika Kenya mwaka 1970, akasafiri hadi Turkana na kukusanya vifaa vya jamii hiyo, ambavyo alivionyesha Nairobi. Maonyesho hayo yalimkutanisha na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, na wawili hao wakaanzisha jumba la sanaa la African Heritage mwanzoni mwa miaka ya 1970. Donovan alifariki Desemba 2021.

Leo wanasesere wa Turkana wamo katika makavazi na mikusanyiko ya watu binafsi ughaibuni. Wauzaji hupenda kuwatangaza kama "wanasesere wa uzazi". Aghalabu jina la aliyewaunda halikuandikwa, wala jina la mtoto aliyecheza nao.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo inaeleza kwa usahihi hali ya katuni za Kiswahili na vichezeo vya kaskazini.

Sheria ya Vitabu na Magazeti imekuwa ikimtaka mchapishaji awasilishe nakala za machapisho yake kwa msajili. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina magazeti mengi ya kale, na Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa ina mikusanyiko mikubwa, ukiwemo wa Murumbi. Hata hivyo, zote ziko Nairobi. Mkazi wa Kalemng'orok anayetaka kuona tena katuni aliyoisoma utotoni hulazimika kusafiri mamia ya kilomita, kisha afungue gazeti moja baada ya jingine.

Majarida ya hadithi yamo hatarini zaidi kuliko magazeti. Yalichapishwa kwa karatasi hafifu, yakasomwa na watu kumi au zaidi, kisha yakaishia kufungia nyama na njugu. Mkusanyaji hakuyathamini kwa kuwa yalikuwa ya watoto, na mtoto hakuyahifadhi kwa kuwa alikuwa mtoto.

Vichezeo vya udongo haviwezi kuhifadhiwa hata kwa bahati, kwa maana mvua moja huvirudisha mtoni. Kinachoweza kuhifadhiwa ni ujuzi: udongo upi unafaa, pembe hupindwa vipi, kokwa hutobolewa kwa kifaa gani, shanga za rangi ipi humfaa mwanasesere yupi. Ujuzi huo umo vichwani mwa wazee, na kila mwaka idadi yao hupungua.

Nafasi ipo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unawataka wanafunzi kufinyanga na kuunda vitu kwa malighafi ya mazingira yao. Wazazi wa mijini wamelalamikia gharama ya vifaa hivyo. Kando ya mto Turkwel udongo haununuliwi, na mwalimu bora wa somo hilo huenda ni nyanya anayeketi chini ya mkoma hatua chache kutoka shuleni. Serikali ya Kaunti ya Turkana, iliyoundwa mwaka 2013, imekuwa ikiandaa tamasha la utamaduni la Tobong'u Lore mjini Lodwar, na vichezeo vya watoto vinastahili meza yao humo, pamoja na majina ya waliovitengeneza.

Wachoraji nao wana kazi inayowangoja. Masimulizi ya Waturkana yanamtaja Nayeche, mwanamke aliyetoka nyanda za juu za Karamoja akifuata nyayo za fahali wa kijivu aitwaye Engiro, hadi akafika kwenye nchi yenye matunda ya kutosha, na watu wakamfuata. Mtafiti Mustafa Kemal Mirzeler aliandika kitabu kizima kuhusu kisa hicho, kilichotolewa mwaka 2014 na Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada.

Kisa cha Nayeche kina safari, njaa, mwanamke jasiri na mnyama mwenye jina. Ndani yake kuna kila kinachohitajika kwa katuni ya likizo, na mhusika wake mkuu, yule fahali, watoto wa Turkana wamekuwa wakimfinyanga kwa vizazi vingi. Kilichobaki ni kumpa karatasi, lugha ya Kiswahili na ya Kiturkana, na nafasi katika gari linalopita Kalemng'orok kabla shule hazijafungwa Desemba.